Je, Mtu Aweza Kudanganya kwa Neno Analoliamini?

Tuanze na jambo dogo la nyumbani. Siku moja tulikwenda sokoni kununua bamba la jua, lile ambalo watu wetu huliita pano, ili tupate taa ya usiku na umeme wa kuchaji simu. Mwuzaji alituonyesha moja nzuri, lenye kioo cheusi na kando za aluminiamu. Nyuma yake palibandikwa karatasi yenye maandiko: wati 150. «Wazee, msiogope,» alisema, «hesabu hii imetoka kiwandani.» Tukalipa, tukarudi kwa furaha.

Hazikupita wiki mbili, taa zikawa zinazimika mbele ya saa tatu usiku. Tukaita fundi. Alilipima bamba lile siku tatu, saa sita mchana, jua likiwa kali bila wingu, na kila siku alipata karibu wati 85. Tukasema: «Basi, mwuzaji ametuibia.» Fundi akatikisa kichwa. «Wazee, msihukumu upesi. Hesabu ya karatasi hupimwa bamba likiwa na joto la digri 25 tu. Juu ya bati lenu, saa sita, bamba lina digri 60 na zaidi, na joto hupunguza nguvu yake. Bamba la kweli la wati 150 lingewapa hapa 125 au 130, na hilo si wizi. Lakini 85?»

Kisha akatoa mita yake ya kupimia mbao, akapima urefu na upana: sentimita 100 kwa 50. «Ni nusu ya meta mraba,» akasema. «Jua kali la saa sita hutia juu ya meta mraba moja kadiri ya wati 1000. Hapa basi zinaingia 500. Ili zitoke 150, bamba hili lingepaswa kugeuza 30 kwa 100 ya nuru yote kuwa umeme. Mabamba ya madukani hayafiki hapo. Yaliyo mazuri hugeuza 20 kwa 100, au kuzidi kidogo. Hili ni la wati 100. Mngalikuja na mita sokoni, uongo ungalionekana palepale.»

Tukarudi kwa mwuzaji. Hakukana, wala hakukasirika. Alisema hivi: «Ndugu zangu, karatasi ile sikuiandika mimi. Niliambiwa ni 150, nikaamini, nikawaambia nilichokiamini. Mtu anayesema analoliamini, kosa lake ni nini?»

Hatukuweza kumjibu mara moja. Tulikwenda na swali lake nyumbani, na leo twataka kulitazama pamoja nanyi.

1. Swali lenyewe

Watu wote wanakubali kwamba mwongo ni yule anayesema neno akijua si kweli. Watu wote wanakubali vilevile kwamba mtu aliyekosea hesabu bila kujua si mwongo. Amekosea tu, na akionyeshwa atarekebisha. Lakini kati ya hao wawili yuko mtu wa tatu. Huyu anaamini neno lake. Hana nia ya kupoteza watu. Ila hakulipima, na analisema kwa namna ya mtu aliyelipima. Tumweke upande gani?

Ili tuelewe vizuri, inafaa tuache soko kidogo, tuende mahali ambapo mabamba ya jua huanza, yaani katika maabara. Kwa maana huko nako swali hili lilitokea, si kwa mwuzaji wa soko, bali kwa mtaalamu aliyesifiwa na dunia nzima. Baraza lilikaa, likachunguza, na mambo yote yakaandikwa. Mfano huo utatusaidia.

2. Kitu chembamba kuliko unywele

Mwaka 1954, katika maabara za Bell, huko Murray Hill, jimbo la New Jersey, Marekani, watu watatu, Daryl Chapin, Calvin Fuller na Gerald Pearson, walionyesha kipande cha silikoni kilichogeuza nuru ya jua kuwa umeme. Kiligeuza karibu 6 kwa 100. Silikoni hutolewa katika mchanga. Siri ya kipande kile haikuwa katika unene wake, ilikuwa katika ngozi yake: safu nyembamba sana ya juu, iliyoingizwa boroni kidogo kwa moto mkali. Pale ngozi inapokutana na mwili, hapo ndipo umeme huzaliwa.

Tangu siku zile wataalamu wamejifunza kutengeneza mabamba ambayo karibu ni ngozi tu, bila mwili. Wanachukua kioo, wanakipaka safu moja juu ya nyingine, na kila safu ina kazi yake: moja inanywa nuru, nyingine inapitisha umeme upande huu, nyingine upande ule. Unywele wa mtu, ukigawanya milimeta moja katika sehemu 1000, huchukua sehemu kama 80. Safu ya kitu kiitwacho perovskiti, ambacho kinajaribiwa sana siku hizi, mara nyingi huchukua nusu ya sehemu moja. Ukipanga safu kama hizo 160, ndipo utafikia unene wa unywele mmoja.

Namna ya kuitengeneza si ngumu kueleza. Mtu anadondosha dawa juu ya kioo kidogo. Mashini inazungusha kioo mara elfu kadhaa kwa dakika, na dawa inatawanyika mpaka inakuwa nyembamba kabisa. Kisha kioo huwekwa juu ya chuma chenye joto kama la maji yachemkayo, na dawa inaganda na kuwa fuwele. Namna nyingine ni kugeuza kitu kuwa mvuke ndani ya chombo kisicho na hewa. Mvuke unatua juu ya kioo kama umande unavyotua juu ya majani.

Lakini kutengeneza ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kukijua kitu ulichokitengeneza. Safu hiyo huwezi kuishika kwa vidole wala kuitazama kwa jicho. Basi wanaimulika kwa miale ya X ili wajue namna chembe zake zilivyopangwa. Wanaitazama kwa darubini ya elektroni. Wanapitisha nuru ndani yake ili wajue imenywa kiasi gani. Mwishoni wanaiweka chini ya taa iliyotengenezwa ifanane na jua, nuru yake ikiwa wati 1000 kwa meta mraba, joto digri 25, na wanapima umeme unaotoka. Hapo ndipo hesabu ile inapopatikana: 15 kwa 100, au 20, au 25.

Angalieni sasa jinsi kosa dogo linavyoweza kugeuza hesabu. Kipande cha majaribio mara nyingi ni kidogo kuliko ukucha. Tuseme kina eneo la sehemu moja ya kumi ya sentimita mraba. Taa inakitilia miliwati 10, nacho kinatoa 2. Ni 20 kwa 100, jambo la kufurahisha. Lakini ikiwa nuru iliingia pia kutoka kandokando, na eneo la kweli lilikuwa sehemu 12 za mia badala ya 10, basi zimeingia miliwati 12, na hesabu ya kweli haifiki 17. Ndiyo maana mpimaji mwangalifu hufunika kipande kwa bati jeusi lenye tundu, na eneo la tundu hulipima kwanza. Asiyefunika anapata hesabu nzuri zaidi. Na msomaji aliye mbali, katika mji mwingine au nchi nyingine, hawezi kuona kama alifunika au hakufunika. Hana budi kushika neno lake.

3. Mtu wa Murray Hill

Katika maabara zilezile za Bell, miaka zaidi ya 40 baada ya kipande cha kwanza cha silikoni, aliingia kijana Mjerumani, Jan Hendrik Schön. Udaktari wake aliupata katika chuo kikuu cha Konstanz kwa kuchunguza vitu vya kutengenezea mabamba ya jua. Huko Murray Hill alijaribu fuwele za vitu vyenye asili ya kaboni, kama pentasini. Mwaka 2000 aliandika pamoja na wenzake katika gazeti Nature kwamba pentasini iliyotiwa dawa kidogo yaweza kugeuza nuru kuwa umeme vizuri kuliko watu walivyotazamia. Aliandika pia kwamba alizifunika fuwele zake kwa safu nyembamba ya oksidi ya aluminiamu, na safu hiyo ilibeba nguvu kubwa ya umeme bila kupasuka, hata fuwele zikafanya mambo ya ajabu. Safu hizo, alisema, alizipaka kwa mashini iliyokuwa Konstanz.

Sifa zikamjia kama mvua. Mwaka 2001 alikuwa akitoa makala kadiri ya moja kila siku nane. Watu wakaanza kusema kwamba atapata tuzo ya Nobel.

Lakini katika maabara nyingine watu walihangaika. Walipaka safu ya oksidi ya aluminiamu kama alivyoeleza, ikapasuka. Wakapaka tena, ikapasuka tena. Wengine walijilaumu wenyewe: labda mikono yetu si miepesi kama yake. Ndipo mwaka 2002 Lydia Sohn wa Princeton na Paul McEuen wa Cornell walipotazama michoro yake kwa makini. Kila kipimo cha kweli kina mtetemo kidogo, kama sauti ya radio iliyo mbali. Na mtetemo huo haurudi sawasawa mara mbili, kama vile mawimbi mawili ya ziwa hayalingani. Katika makala za Schön mtetemo uleule ulionekana katika michoro ya vitu mbalimbali.

Baraza la watu watano likawekwa, mkubwa wake Malcolm Beasley wa Stanford. Liliomba kuona vitabu vya kazi. Havikuwa vimeandikwa kwa utaratibu. Liliomba hesabu zilizoandikwa na mashini siku ya kupima. Zilikuwa zimefutwa, kwa kuwa, alisema, kompyuta haikuwa na nafasi. Liliomba vipande vyenyewe. Vilikuwa vimetupwa au kuharibika. Tena ikaonekana kwamba yale mambo makubwa hayakushuhudiwa kwa macho na mwandishi mwenzake hata mmoja. Mwezi wa Septemba 2002 baraza lilitoa neno lake: katika mashtaka 24, 16 yalikuwa ya udanganyifu wa kweli. Schön alifukuzwa. Gazeti Science liliondoa makala zake 8 mwaka ule. Nature iliondoa 7 mwezi wa Machi 2003, na ile ya pentasini na nuru ya jua ilikuwamo. Mwaka 2004 chuo cha Konstanz kilimnyang'anya udaktari. Alishitaki, na shauri hilo liliendelea mpaka mwaka 2014 alipokosa mbele ya mahakama ya juu ya katiba.

Hatumwelezi mtu huyu ili tumcheke. Tunamweleza kwa sababu ya jibu lake. Alikubali kwamba makosa yalikuwamo katika makala zake, akaomba radhi. Lakini alisema aliamini kwamba mambo aliyoyaandika ni ya kweli. Tazameni: ni neno lile la mwuzaji wetu.

4. «Niliamini»

Mwenye kumtetea angesema: «Kama kweli aliamini, basi hakusema kinyume cha moyo wake. Na mwongo ni yule ambaye kinywa chake na moyo wake havipatani.»

Tujibu kwa mfano wa kijijini. Mbuzi ameibiwa. Shahidi anaitwa mbele ya baraza la wazee. Yeye anaamini kabisa kwamba mwizi ni fulani, maana anamjua tabia yake. Anasimama, anasema: «Nimemwona kwa macho yangu.» Kumbe usiku ule alikuwa amelala. Baadaye inajulikana kwamba kweli fulani ndiye aliyeiba. Je, shahidi alisema kweli?

Sisi tunasema: hapana. Katika neno lake yalikuwamo maneno mawili. La kwanza lilimhusu mwizi, na hilo likawa kweli kwa bahati. La pili lilimhusu yeye mwenyewe, kwamba alikuwapo, kwamba macho yake yaliona. Hilo lilikuwa uongo, naye alijua ni uongo wakati wa kulitamka. Mwuzaji na mtaalamu wanapojitetea wanalitaja neno la kwanza tu, na la pili wanaliacha limejificha.

Basi «bamba hili ni la wati 150» ni neno juu ya bamba. Lakini «nimepima, nikapata 150» ni neno juu ya bamba na juu yangu. Anayeandika mchoro wa kipimo haandiki imani yake. Anasema: nilisimama hapa, taa iliwaka, mashini ilinipa namba hizi. Kama mashini haikumpa namba hizo, amedanganya hata kama moyo wake umejaa imani, hata kama baada ya miaka 10 mtu mwingine atapima na kuzipata zilezile.

Mtu aweza kuuliza: lakini kuna hasara gani, ikiwa neno la kwanza ni kweli? Hasara iko katika baraza. Wazee hawakumwita shahidi ili awape imani yake; imani wanayo wenyewe. Walimwita awakopeshe macho. Kama mashahidi kumi wamemwona mwizi kila mmoja kwa macho yake, wazee wana mashahidi kumi. Kama mashahidi kumi wanarudia uvumi mmoja, wazee wana uvumi mmoja tu, ila umevaa nguo kumi. Hawawezi tena kujua kama wamekosea.

Na hapo ndipo tunapoona kwa nini watu hupima. Hatupimi ili tusikie yale tunayoyaamini. Tunapima ili kitu chenyewe kipate nafasi ya kutukatalia. Bamba halina kinywa. Kipimo ndicho kinywa chake. Anayeandika namba mbele ya kupima, au anayenakili mchoro wa jana na kuuita wa leo, amekiziba kinywa kitu kile. Amesema kwa niaba yake kama mtu anayejibu kwa niaba ya mgeni aliyeketi kimya, na mgeni hajaulizwa.

Wazee husema njia ya mwongo ni fupi. Lakini katika shauri hili njia ilienda miaka kadhaa. Kwa nini? Kwa sababu alipita mahali ambapo wengine hawakuweza kupita upesi kumfuata. Katika vitu vinavyoonekana, jirani hukushika kesho yake. Katika safu nyembamba kuliko unywele, itachukua miezi, mashini za bei kubwa, na ujana wa watu. Wanafunzi waliopoteza miaka yao wakipaka safu zilizokuwa zikipasuka, nani atawarudishia? Nasi tunaona kanuni moja: kadiri watu wanavyoshindwa kukuchunguza, ndivyo deni lako la kusema kweli linavyozidi. Wengi hufikiri kinyume. Hufikiri mahali pasipo na jicho deni limepungua.

5. Waliotia majina yao

Kulikuwa na wenzake walioandika majina yao chini ya makala zile. Baraza la Beasley liliwaondolea shtaka la udanganyifu. Lakini lilikubali pia kwamba kuna swali gumu: je, mtu aliyetia jina lake alitimiza wajibu wa kuangalia? Hakuna aliyeona safu ya oksidi ikibeba nguvu ile ya umeme. Waliona michoro tu, na michoro ilikuwa mizuri.

Hapa tusiwe wakali kupita kiasi. Hakuna kazi kubwa inayowezekana bila watu kuaminiana. Anayetengeneza fuwele hawezi kupima kila kitu, na anayepima hawezi kutengeneza kila kitu. Hata sisi tunakunywa dawa ya mganga bila kuichunguza. Kuaminiana si kosa. Lakini kumwamini mtu ni jambo moja, na kumtolea ushahidi ni jambo lingine. Jina chini ya karatasi ni ushahidi. Kabla ya kulitia, rafiki wa kweli huomba: «Ndugu yangu, nionyeshe kipande, na tukipime mbele yangu.» Ombi hilo si matusi. Kama Schön angaliombwa hivyo mapema na watu waliompenda, labda angaliponywa mbele ya kuanguka.

6. Kosa lisilo na mwongo

Tusidhani hatari yote iko kwa wadanganyifu. Iko hatari nyingine, na hiyo hutupata tukiwa na nia njema.

Mwaka 2009, katika nchi ya Japani, Tsutomu Miyasaka na wenzake walitumia perovskiti kwa mara ya kwanza kunywa nuru ya jua, wakapata 3.8 kwa 100. Na vipande vyao viliharibika upesi. Mwaka 2012 watu wa Uingereza na wa Korea walipata karibu 10. Namba zikapanda kila mwaka kwa mbio kubwa. Leo vipande vya maabara vimepita 25.

Lakini katika mbio zile kitu cha ajabu kilionekana. Ukipima kipande kwa kuanza na nguvu kubwa ya umeme na kushuka, unapata namba moja. Ukianza chini na kupanda, unapata nyingine, mara nyingi iliyo ndogo zaidi. Ni kipande kilekile, taa ileile, saa ileile. Sababu ni kwamba ndani ya perovskiti kuna chembe zinazosogea polepole, na kipande bado hakijatulia wakati unapokisoma. Namba ipi ni ya kweli? Aliyeandika ile kubwa peke yake hakudanganya, kweli aliiona. Lakini aliacha kusema kwamba ile ndogo aliiona pia, au aweza kuiona kama angaligeuza kipimo.

Mwaka 2014 Henry Snaith wa Oxford na wenzake waliandika waziwazi juu ya tatizo hili. Tunalipenda jambo hilo, kwa sababu Snaith alikuwa mmoja wa waliopata sifa kwa perovskiti, kuficha kungemfaa. Mwaka 2015 gazeti Nature Materials lilitangaza orodha ya maswali ambayo kila mwandishi wa mabamba ya jua lazima ajibu: Je, ulipima kwa njia zote mbili? Uliacha kipande kitulie? Ulitumia bati lenye tundu? Ulitengeneza vipande vingapi, na vingine vilipata nini? Ziko pia nyumba za kupimia ambazo hazina hisa katika ushindi wa mtu, kama ile ya Freiburg katika Ujerumani na ile ya Golden, Colorado, katika Marekani. Ile ya Golden hutunza mchoro wa namba kubwa za dunia nzima tangu mwaka 1976, na haipokei namba isiyohakikishwa. Kwa miaka kadhaa, kando ya perovskiti, mchoro ule ulikuwa na maneno machache yaliyosema kwamba vipande hivyo havijatulia. Maneno yale machache ni mfano mzuri wa uaminifu: namba imeandikwa, na udhaifu wake umeandikwa kando yake.

Kwa hiyo twaweza kusema kwamba kweli ya kipimo haikai katika namba peke yake. Inakaa katika namba pamoja na namna ilivyopatikana. Lugha yetu inajua hayo tangu zamani. Tunasema nimeona, tunasema nimesikia, tunasema niliambiwa, tunasema nadhani. Ni maneno madogo, lakini mtu anayeyabadilisha moja kwa jingine hugeuza mizigo mikubwa.

7. Turudi sokoni

Sasa twaweza kumjibu mwuzaji wetu. Tulimwendea, tukamwambia: «Ndugu, kuamini si kosa lako. Kosa lako ni hili: uliambiwa, ukasema kama uliyejua. Ungalisema, Niliambiwa ni 150, mimi sikupima, tungalichukua mita. Neno lako lilituondolea haja ya kupima, na hicho ndicho ulichotuuzia.»

Alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali lililo gumu kuliko la kwanza: «Haya. Nikiandika 100 juu ya bamba langu, na jirani yangu ameandika 150 juu ya bamba la ukubwa uleule, mnunuzi atakwenda kwa nani? Nina watoto watano.»

Wasomaji wapenzi, hatukutaka kumjibu kwa maneno mepesi. Alisema kweli. Mtu mwaminifu katikati ya wasio waaminifu hupata hasara, na sisi ambao hatuuzi mabamba si vizuri tumhubirie upesi. Swali lake lilikuwa swali la maabara vilevile: anayepima kwa njia zote mbili na kuandika namba ndogo huonekana ameshindwa na yule aliyeandika kubwa. Huko hawakuliponya jambo hilo kwa kumsifu mwaminifu tu. Waliweka maswali ambayo wote lazima wayajibu, ili mwaminifu asiwe peke yake katika hasara. Kumbe wasomaji nao walikuwa na sehemu katika kosa, kwa kuwa walikuwa wakipenda namba kubwa bila kuuliza.

Na sisi wanunuzi tulikuwa hivyo. Siku ile ya kwanza tulichagua bamba kwa sababu ya ile 150. Pembeni yake lilikuwako jingine la ukubwa uleule, limeandikwa 100, tukalidharau. Labda mwenye duka lile alipima. Kwa uvivu wetu tulimwadhibu asemaye kweli, tukamlipa asiyepima, kisha tukalia kwamba tumeibiwa. Mnunuzi asiyetaka kuuliza anamfundisha mwuzaji kutojibu.

Hatuwezi kuona safu iliyo nyembamba kuliko unywele, wala kujenga nyumba ya kupimia kama ile ya Freiburg. Lakini mita ya kupimia mbao ni ya bei ndogo, na hesabu yenyewe hata mtoto wa shule aiweza: urefu mara upana kwa meta, mara 200. Bamba zuri la siku hizi hutoa wati kadiri hiyo, au kuzidi kidogo. Karatasi ikizidi mno, uliza: «Nani alipima?» Na mkiwa wengi mnaouliza, mwuzaji anayeandika 100 ataweza kulisha watoto wake watano.

Mwuzaji wetu alitupunguzia bei, tukabaki na bamba lile. Tulipopita tena sokoni, tuliona mabamba matatu ambayo karatasi zake zilikuwa zimefutwa kwa kalamu na kuandikwa upya: 100. Mengine yalikuwa bado na 150. Tulipomtazama, alisema: «Haya matatu nimeyapima. Yale bado.»